Tanga, Novemba 1914: Idadi ya Adui Ilijulikana, Tathmini Ikaanguka

Mwanzoni mwa Novemba 1914, jeshi la Uingereza lenye watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilishuka Tanga kuiteka bandari iliyokuwa ikilindwa na kombania moja. Siku ya nne lilikuwa limerudi melini, likiacha maiti, majeruhi na bunduki ufukweni. Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ushujaa wa kamanda mmoja wa Kijerumani au ya nyuki waliowakimbiza askari. Mimi nakiangalia kwa upande mwingine: taarifa kuhusu adui zilizopatikana kabla ya meli kufika, namna zilivyopimwa, na kwa nini watu waliojua karibu kila kitu walichohitaji kujua walifikia hitimisho baya namna ile.

Nimewataja kwa majina makamanda na watawala ambao historia inawafahamu. Maofisa wa ngazi za chini, mashahidi na watoa taarifa nimewataja kwa kazi zao tu.

## Usuli

Vita vilipotangazwa Agosti 1914, Afrika Mashariki ya Kijerumani ililindwa na Schutztruppe, jeshi la kikoloni lenye kombania 14, askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani zaidi ya 200. Mbali na hao walikuwepo polisi askari, na masetla ambao wangeweza kuitwa. Kombania nyingi zilikuwa bado zinatumia bunduki za mwaka 1871 zenye baruti nyeusi, ambazo kila risasi ikitoka huacha wingu la moshi linalomwonyesha adui mpigaji alipo. Ukilitazama jeshi hili kwenye karatasi, halitishi.

Upande wa pili, King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari Waafrika, walikuwa na idadi inayokaribiana na hiyo, lakini walikuwa wametapakaa kuanzia Nyasa hadi mpaka wa Somalia. Ndiyo maana London ikategemea India. Kikosi kimoja, kilichoitwa C, kilikwenda kuimarisha ulinzi wa Kenya na reli ya Uganda. Kingine, B, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, kiliondoka Bombay katikati ya Oktoba. Kilipewa amri ya kuanza na Tanga, kisha kuiweka koloni nzima ya Wajerumani chini ya mamlaka ya Uingereza. Amri ya pili naomba msomaji aikumbuke. Huwezi kumpa mtu watu 8,000 na kumwambia ateke nchi kubwa kuliko Ujerumani yenyewe bila kuwa umeshaamini kwamba nchi hiyo haitapigana kwa nguvu.

Ndani ya koloni mambo yalikuwa na sura mbili. Gavana Heinrich Schnee hakutaka vita. Alitumaini kwamba Mkataba wa Berlin wa 1885, uliotoa nafasi ya makoloni ya eneo la Kongo kubaki nje ya vita vya Ulaya, ungeilinda kazi yake ya miaka. Manowari za Uingereza zilipotokea pwani mwezi Agosti, palifanyika mapatano ya kutopigana kuhusu Dar es Salaam na Tanga. Kamanda wa jeshi, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amefika Januari mwaka ule ule, aliyaona mapatano hayo kuwa hatari. Hakutaka kuikabidhi miji ya bandari bila risasi hata moja kupigwa.

## Walichokiamini wapangaji

Picha iliyokuwa mezani kwa Aitken alipofika Mombasa mwisho wa Oktoba ilikuwa na nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza ilihusu mahali. Sehemu kubwa ya jeshi la Lettow ilisemekana kuwa kaskazini, maeneo ya Moshi na Kilimanjaro, ikitishia reli ya Uganda. Tanga ilidhaniwa kuwa tupu au kuwa na ulinzi hafifu. Taarifa hii ilikuwa sahihi.

Ya pili ilihusu nia. Gavana anayetafuta amani na miji ya pwani iliyokubali mapatano vilichukuliwa kuwa dalili kwamba Wajerumani wangekunja bendera mara wakiona meli. Juu ya hapo, Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa havijasahaulika. Wapangaji waliamini kwamba Waafrika waliokandamizwa namna ile wangeinuka mara Waingereza watakapotia nanga, na kwamba askari wenyewe wangetoroka.

Ya tatu haikuandikwa kwa uwazi kama zile mbili, lakini ndiyo iliyozibeba: kwamba askari Mwafrika hawezi kusimama mbele ya jeshi la kawaida. Maofisa wa KAR, waliokuwa wakiishi na kupigana pamoja na askari wa aina ile ile, walitahadharisha kwamba Schutztruppe si wa kudharauliwa. Aitken hakuwasikiliza, na hakuwatumia askari wa KAR katika kushuka Tanga ingawa walikuwapo.

Kuna maneno makali ya dharau ambayo vitabu vingi huyaweka kinywani mwa Aitken. Mengi yanatoka kwa ofisa wake wa upelelezi, Richard Meinertzhagen, ambaye baadaye watafiti waligundua kwamba shajara zake zina mambo aliyoyatunga au kuyaandika upya. Kwa hiyo sitayanukuu. Maamuzi ya jenerali yanatosha kuonyesha alichokiamini.

## Mfululizo wa matukio

Siri ilikwisha kabla ya meli kufika. Safari ya kikosi ilizungumzwa India na Mombasa, na barua na magazeti yaliyonaswa yalimfikishia Lettow dalili za kutosha kwamba shambulio linakuja. Mwishoni mwa Oktoba alikwenda Tanga mwenyewe, akazunguka mji na viunga vyake, akakubaliana na mkuu wa wilaya kwamba mji utapiganiwa. Lawama, alisema, atazibeba yeye.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari *Fox* iliingia Tanga peke yake, msafara wa meli za askari ukiwa umebaki mbali baharini. Nahodha alitangaza kwamba mapatano yamefutwa, akatoa muda mfupi wa mji kusalimu amri. Aliuliza pia kama bandari imetegwa mabomu ya baharini, na mkuu wa wilaya hakumpa jibu la kueleweka. Mkuu huyo alirudi nchi kavu, akavaa sare yake ya uluteni wa akiba na kupeleka simu Moshi. *Fox* ilirudi kuupasha habari msafara, kisha muda ukapita katika kutafuta mabomu ambayo hayakuwepo. Kwa kuyaogopa, Aitken aliamua kutoshusha askari bandarini. Walishushwa Ras Kazone, mashariki ya mji, usiku, kupitia mikoko na matope.

Alfajiri ya tarehe 3, batalioni mbili za kwanza, zilizochoka na ambazo hazikuijua ardhi ile, zilielekea mjini. Kwenye mkato wa reli zilikutana na kombania ya 17. Wakati mapigano yanaendelea, askari wa kwanza waliotoka Moshi kwa treni walifika na kuuzunguka ubavu wa kushoto wa Waingereza. Kufikia asubuhi ya kati batalioni zile zilikuwa zimerudi ufukweni, zikiwa zimepoteza watu karibu 300 kati ya waliouawa na waliojeruhiwa.

Aitken aliamua kusubiri hadi kikosi chote kishuke, na siku ile nzima ikapita kwa kazi hiyo. Treni ziliendelea kuja. Lettow mwenyewe alifika saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 4, akachukua baiskeli na kuingia mjini, ambako hakukuwa na mtu, akasogea hadi karibu na bandari na kuziona kwa macho yake meli zikiwa zimewaka taa. Hakuna doria ya Uingereza iliyofanya safari ya namna hiyo kwenda upande wa pili.

Mchana wa tarehe 4 kikosi chote kilisonga mbele, katika joto la Novemba, ndani ya vichaka na mashamba ambamo batalioni hazikuweza kuonana. Upande wa kulia mambo yalikwenda vizuri. Loyal North Lancashire, batalioni ya Waingereza, na Kashmir Rifles wa India waliingia mjini wakapigana nyumba kwa nyumba, wakafika hadi hoteli kubwa na kuishusha bendera yake. Upande wa kushoto ulivunjika. Batalioni moja ilikimbia, nyingine ikavamiwa na nyuki wa mwitu waliokuwa wametibuliwa na risasi, nao hawakubagua, waliwauma Wajerumani pia. Jioni Lettow aliingiza kombania alizozificha kusini na bunduki zao za rashasha, na mstari wote wa Waingereza ukarudi nyuma.

Halafu usiku ule likatokea jambo ambalo masimulizi mengi hulipita haraka. Kwa sababu ya mlio wa tarumbeta ulioeleweka vibaya, kombania za Wajerumani ziliacha mji na kurudi kwenye kambi yao magharibi. Kwa saa kadhaa Tanga haikuwa na mlinzi. Waingereza hawakujua, maana hawakutuma mtu kuangalia. Asubuhi ya tarehe 5 Aitken aliamuru watu wapande meli.

## Matokeo

Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Wajerumani walizika Wazungu 16 na askari Waafrika 55. Ufukweni ziliachwa bunduki za rashasha 8, bunduki 455 na risasi zaidi ya nusu milioni, silaha za kisasa ambazo Lettow alisema zilitosha kombania tatu. Wakati huo huo kikosi C kilishindwa Longido, tarehe 3, katika shambulio lililokusudiwa kuwazuia askari wa kaskazini wasiondoke. Aitken aliondolewa na kushushwa hadi kanali. Usimamizi wa vita vya Afrika Mashariki ulihamishwa kutoka ofisi ya India kwenda wizara ya vita.

Lettow alisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Gharama ya miaka hiyo minne iliwaangukia zaidi watu ambao hawakuwa na sauti katika tathmini yoyote: wapagazi, wa pande zote mbili, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na malaria.

## Uchambuzi

### Mahali bila muda

Taarifa bora waliyokuwa nayo Waingereza ndiyo iliyowadhuru zaidi. Ni kweli Lettow alikuwa Moshi. Lakini Moshi na Tanga ziliunganishwa na reli ya kilomita kama 350, iliyokamilika miaka michache tu kabla. Treni moja iliweza kubeba kombania na mizigo yake na kuifikisha pwani ndani ya siku moja hivi. Hesabu hii haikuhitaji jasusi. Waingereza wenyewe walikuwa wakiilinda koloni yao kwa reli ya Uganda kwa mantiki ile ile.

Tathmini iliuliza, "Tanga kuna askari wangapi?" Ilipaswa kuuliza, "Saa 24 baada ya wao kujua tunakuja watakuwa wangapi? Na saa 48?" Kutoka *Fox* ilipotoa onyo hadi shambulio kuu zilipita saa zaidi ya 50. Ndani ya muda huo walinzi walitoka kombania moja hadi watu wapatao 1,000. Uwezo wa adui kupinga ulikuwa unakua kwa saa, na saa hizo alipewa na wavamizi: kwa onyo, kwa kutafuta mabomu, kwa kusubiri tarehe 3. Kila uamuzi ukiuchukua peke yake una sababu inayoeleweka. Nahodha aliona heshima ya mapatano, msafara uliogopa kupoteza meli iliyojaa watu, jenerali hakutaka kupigana na nusu ya jeshi. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kuzijumlisha sababu hizo na kuziweka upande wa adui.

### Nia ya gavana si nia ya jeshi

Kosa la kusoma nia lilitokana na kuichukulia koloni kama mtu mmoja. Schnee alitaka amani kweli, na waliotoa taarifa hiyo hawakusema uongo. Ila mwenye bunduki alikuwa Lettow, na mgongano wao ulikuwa wa wazi kiasi kwamba yeyote aliyefuatilia mambo ya Dar es Salaam angeweza kuusikia. Mapatano ya Agosti yaliyosomwa kama dalili ya unyonge yalikuwa pia ushahidi kwamba kuna mtu wa upande wa pili anayeyapinga. Upelelezi unaomtazama mwenye cheo kikubwa peke yake hukosa kumwona atakayetoa amri siku yenyewe.

### Maji Maji ilisomwa kinyume

Hapa ndipo kisa kinaponiumiza zaidi. Ni kweli utawala wa Kijerumani ulichukiwa, na watu wa kusini walikuwa na kila sababu ya kuuchukia, kwa vijiji vilivyochomwa na njaa iliyofuata. Lakini tazama nani aliyeivunja Maji Maji. Ni askari hao hao. Vita vile vilikuwa vimeshathibitisha, kwa damu nyingi mno, kwamba askari wa Schutztruppe angempigania mwajiri wake hata dhidi ya watu wa nchi anayoishi. Walikuwa tabaka lao: Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema na wengine, wenye mshahara mzuri kwa kipimo cha wakati ule, watumishi na heshima ya sare, wakiishi na familia zao kambini. Tena maeneo ya Tanga na Moshi hayakuwa kitovu cha vita vile. Ushahidi uliotumika kutabiri kwamba askari wangetoroka ulikuwa, ukisomwa vizuri, ushahidi wa ustahimilivu wao.

Sidhani ilikosewa kwa bahati mbaya. Mpangaji aliyeamini kwamba Mwafrika hana sababu zake mwenyewe za kupigana hakuona haja ya kuuliza sababu hizo ni zipi. KAR walijua, kwa kuwa waliwaamuru watu wa aina hiyo kila siku. Maarifa yao yalihesabiwa kuwa mapenzi ya ofisa kwa askari wake.

### Tarehe 3 haikubadilisha kitu

Tathmini mbaya kabla ya vita husameheka. Isiyosameheka ni ile inayobaki vile vile baada ya watu 300 kupotea. Asubuhi ya tarehe 3 Aitken alipata taarifa bora kuliko zote za Mombasa: adui anapigana, hajatoroka, na amepata msaada katikati ya mapigano. Jambo la mwisho peke yake lilitosha kueleza kwamba reli inafanya kazi. Hitimisho lililotolewa ni kwamba inahitajika nguvu zaidi, kwa hiyo wasubiri wote washuke. Hakuna doria ya maana iliyotumwa, na njia ya reli magharibi ya mji haikuguswa.

Nikifundisha kisa hiki, swali ninaloliweka mbele ni hili: kabla ya kuondoka Mombasa, ni dalili gani ambayo Aitken angekubali kuwa inamwonyesha amekosea? Katika maamuzi yake siioni hata moja. Mji ukiwa kimya, hakuna adui. Ukipiga risasi, ni wachache na watamalizwa kesho.

### Kujipima mwenyewe

Uwezo wa kupinga hupimwa dhidi ya nguvu fulani, na nguvu ya Waingereza nayo haikupimwa. Vikosi bora vya India vilikuwa vimepelekwa Ufaransa na kwingineko. Baadhi ya batalioni za kikosi B zilikuwa hazijapigana kwa miaka mingi, hazijawahi kufanya mazoezi pamoja, na nyingine zilipewa bunduki mpya karibu na safari. Walikaa wiki mbili na zaidi wamebanana melini. Manowari nyingi zilikuwa zimevutwa na meli ya Kijerumani *Königsberg*, iliyokuwa imegunduliwa ndani ya delta ya Rufiji siku chache kabla. Hata hivyo isidhaniwe kwamba Wahindi hawakuweza kupigana. Kashmir Rifles waliingia katikati ya Tanga. Tofauti ya batalioni na batalioni ilikuwa kubwa, na tathmini ya namba 8,000 iliificha.

### Yaliyofanya kazi

Wazo la Longido lilikuwa sahihi: anayejua adui yuko wapi amzuie asiondoke. Lilishindwa kwa utekelezaji, na kwa kuwa treni zilianza kujazwa tarehe 2, kabla risasi hazijalia Longido.

Upande wa Lettow, kilichofanya kazi kilikuwa cha kawaida kabisa. Alisoma magazeti na barua za adui, akaenda kutazama ardhi, akauliza swali la muda, na usiku wa mwisho akajipeleka mwenyewe kuangalia. Alibahatika pia. Lile tarumbeta la usiku lingeweza kumgharimu mji mzima kama upande wa pili ungekuwa na doria moja macho.

## Kosa la upande wa pili

Baada ya Tanga tathmini ya Waingereza iligeuka. Januari 1915 Lettow aliiteka ngome ndogo ya Jasini, mpakani karibu na pwani. London ikaona tena adui asiyeshindika, Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, akataka majeshi yabaki kujilinda, na bonde la Umba likaachwa. Lakini Lettow alihesabu maofisa aliowapoteza Jasini na risasi zaidi ya laki mbili alizotumia, akahitimisha kwamba mapigano ya aina ile angeweza kuyamudu mara tatu tu zaidi. Akaacha vita vikubwa na kugeukia vikundi vidogo vya kulipua reli ya Uganda. Sasa Waingereza walikuwa wanamwogopa kamanda ambaye kimyakimya alikuwa amekwisha kuamua kwamba hawezi kupigana nao ana kwa ana, na zaidi ya mwaka ulipita kabla ya kumshambulia kwa nguvu, Machi 1916.